"Ongeza Ndimu": Nani Hupima Ladha ya Vitafunwa vya Pakiti?

Jioni kwenye barabara ya Mama Ngina, Mombasa, muuza kachri hanyunyizi kitu kabla ya kuuliza. Vipande vya muhogo, vyembamba kama karatasi, vimeshatoka karaini na kuchujwa mafuta. Kando yake kuna bakuli la chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, na ndimu zilizopasuliwa. Mteja wa kwanza anasema, "Mama, ongeza ndimu, pilipili kidogo tu." Anayemfuata anataka pilipili ya kutoa machozi. Mtoto aliyeshikwa mkono na dadake anataka chumvi peke yake. Muhogo ni ule ule na karai ni lile lile, lakini hakuna wawili wanaoondoka na kitu kimoja.

Dukani, hatua chache kutoka hapo, zimetundikwa pakiti za kripsi za viazi, nazo zimeandikwa pilipili na ndimu. Kwa jina ni ladha ile ile ya barabarani. Kilichobadilika ni kwamba kipimo kimeshaamuliwa kiwandani, kabla pakiti haijazibwa, na kila atakayeifungua atakutana na ukali ule ule na uchachu ule ule. Anayeona imezidi hana wa kumwambia apunguze. Anachoweza kufanya ni kuirudisha na kuchukua ya chumvi na siki, ya nyanya, au ya jibini na kitunguu.

Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika biashara ya mkono kwa mkono, kupenda ladha fulani ni suala la kipimo: kiasi gani, na wapi mtu anasema basi. Katika pakiti, kupenda kumegeuka kuwa kuchagua jina. Ndiyo maana mabishano ya vijana kuhusu kripsi ipi ni tamu husikika kama mabishano ya timu za mpira. Mtu ni wa pilipili au ni wa siki, hakuna wa katikati, kwa sababu pakiti haina katikati.

Hata Ulaya na Marekani, ambako biashara hii ilipata umbo lake la leo, mlaji hakunyang'anywa kipimo siku ya kwanza. Mwaka 1920 Frank Smith alianza kuuza kripsi London, na baadaye akaweka ndani ya pakiti kikaratasi cha buluu kilichosokotwa chenye chumvi. Mlaji alikifungua mwenyewe, akanyunyiza, akatikisa. Mwaka 1926 huko California, Laura Scudder aliwapa wanawake waliomfanyia kazi karatasi za nta, wakazipiga pasi majumbani kwao zikawa mifuko inayozibika. Kabla ya hapo kripsi ziliuzwa kutoka kwenye mapipa na makabati ya vioo, na za chini kabisa zilifika mkononi zimelegea. Mfuko uliozibwa ulilinda ukavu. Kisha mwaka 1954 Joe Murphy wa Dublin, mwenye kampuni ya Tayto, alitoa kripsi zilizokolezwa jibini na kitunguu papo hapo kiwandani. Kutoka hapo kikaratasi cha chumvi kikaanza kuonekana cha kizamani, na ladha ikawa kazi ya mtambo.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, maana wengi hudhani ndimu ya pakiti ni ndimu. Kripsi zikitoka kwenye mafuta hupita ndani ya pipa kubwa linalozunguka polepole, na unga wa ladha hunyunyizwa juu yake zingali na moto. Mafuta yaliyo juu ya kipande ndiyo gundi. Chochote chenye maji hakiwezi kutumika, kwa kuwa tone la maji lingelegeza kripsi na kuiharibu. Kwa hiyo uchachu wa ndimu huja kama asidi ya sitriki, chembe nyeupe ambazo viwanda vya dunia vimekuwa vikizitoa kwa kuvu tangu mwaka 1919, si kwa kukamua matunda. Siki nayo huja ikiwa unga. Nyanya ni unga wa nyanya uliotiwa sukari na asidi. Moshi wa nyama choma unaweza kukusanywa kwenye maji, ukakaushwa, ukatiwa ndani ya gunia, na pakiti ikanukia mkaa bila mbuzi yeyote kuchinjwa.

Kwa walaji Waislamu hili la mwisho ni la kufuatilia kwa makini. Jina la nyama kwenye pakiti si ushahidi kwamba nyama imo, na jina la jibini si ushahidi kwamba haimo. Mwaka 2013 kampuni ya Walkers ya Uingereza ilitangaza kwamba kripsi zake za ladha ya nyama ya nguruwe ya moshi na za kuku zitatiwa nyama ya kweli, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwepo. Wasiokula nyama na Waislamu waliokuwa wakizinunua kwa miaka walilalamika. Walikuwa wamezoea ladha ambayo, kwa namna ya ajabu, ilikuwa halali kwao kwa sababu haikuwa kweli.

Katikati ya unga huo wote kuna kiungo kimoja kinachofanya kazi kubwa bila kutajwa mbele ya pakiti. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia mjini Tokyo, alichunguza mchuzi wa mwani wa Kijapani na kukuta kwamba utamu wake ule wa supu, usio wa sukari wala chumvi, unatokana na glutameti. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama kiungo. Leo glutameti, ama yenyewe ama ndani ya unga wa hamira, imo katika ladha nyingi za vitafunwa duniani. Ndiyo hufanya kripsi za nyanya na za kuku, zenye majina yasiyofanana hata kidogo, ziache kinywani mvuto ule ule wa kutaka kipande kingine. Mtu anaweza kuapa kwamba hawezi kula za kuku na anapenda za nyanya tu, kumbe sehemu kubwa ya anachokipenda imo katika zote mbili.

Lakini ulimi haujaumbwa sawa kwa kila mtu, na pilipili ndiyo inayoonyesha hivyo waziwazi. Pilipili si ladha kwa maana halisi, ni maumivu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walitambua kipokezi cha neva kinachoamshwa na kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili, na kipokezi hicho hicho huamshwa na joto la kuunguza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Mwili, kwa hiyo, hupewa habari kwamba unaungua. Swali ni kwa nini mtu anunue kuungua kwa pesa yake.

Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwenda na swali hilo katika kijiji cha Mexico, na matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Watoto wadogo walikataa pilipili. Hakuna aliyewalazimisha: waliwaona wakubwa wakila, wakaonja kidogo, wakaongeza, na baada ya miaka michache wakawa wanaitafuta wenyewe. Wanyama wa kijiji hicho hicho, waliokula mabaki yale yale yenye pilipili kila siku, hawakuonyesha dalili ya kuipenda. Mwanadamu anajifunza kupenda pilipili kwa kukaa na watu wanaoipenda. Yeyote aliyekulia pwani anakumbuka mtihani huo: mtoto anaomba kuonja kachri za kakake, analia, anakunywa maji, na kesho yake anaomba tena.

Kujifunza huko huanza mapema kuliko karai. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia walichapisha jaribio lililohusu kina mama waliokunywa maji ya karoti, wengine wakati wa ujauzito, wengine wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula uji, hawakuonyesha kuchukizwa sana na ule wenye ladha ya karoti, tofauti na watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha za mama hufika kwa mtoto kupitia maji ya tumboni na maziwa. Bibi wa Kiswahili anayesema mtoto amependa ndimu tangu tumboni hasemi jambo la kuchekwa.

Ukiangalia dunia kwa jicho hili, rafu za vitafunwa husomeka kama ramani ya majiko. Wajapani walipata kripsi za mwani na chumvi mwaka 1962 kutoka kwa kampuni ya Koikeya. Wajerumani na Waholanzi wamezoea paprika. Wakanada wana ladha ya tomato sosi inayoshangaza majirani zao wa kusini. Uchina kuna kripsi za tango. Afrika Kusini, kampuni ya Simba inauza kripsi za achari ya Mrs Ball's, ile ile iliyo kwenye chupa za mezani. Kampuni kubwa haiwezi kupuuza ramani hii. Lay's, jina linalouzwa karibu kila bara, hubadilisha ladha zake mpaka baada ya mpaka. Inafaa kutaja hapa kwamba wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wengi wao wanawake, wamekuwa wakilima mwani wa kusafirishwa nje tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado mwani haujawa ladha ya nyumbani kwao. Wao hulima aina nyingine, inayokwenda viwandani kuzidisha uzito wa vyakula. Kuishi karibu na kitu hakutoshi kukifanya kiwe ladha ya mtu. Sharti kiingie chunguni.

Kwa kweli hata ladha ambayo pwani ya Afrika Mashariki inaiita yake imekusanywa kutoka mbali. Muhogo na pilipili vilivuka bahari kutoka bara la Amerika kwa meli za Wareno, ndimu ikatoka Asia. Wageni hao watatu walikutana karaini hapa, na mkutano huo ni wa Waswahili. Vivyo hivyo chevda, mchanganyiko wa tambi za dengu, karanga, njegere, mchele uliopondwa, binzari, majani ya mchuzi na chembe za sukari, uliletwa na familia za Kigujarati, na leo unauzwa kwenye pakiti Nairobi kwa watu wa kila asili. Chevda huweka chachu, tamu, kali na chumvi ndani ya mkono mmoja, na aliyeizoea huona kripsi za chumvi tupu kama chakula ambacho hakijamalizwa kupikwa. Ubuyu wa Zanzibar uko njia hiyo hiyo: mbegu zenye unga mchachu zilizopikwa kwa sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili, zikitiwa kwenye vifuko na vikopo mpaka Dar es Salaam na kwingineko. Hiki ni kitafunwa cha pakiti kilichozaliwa majikoni mwa wanawake bila maabara yoyote, na wauzaji wake bado hushindana kwa kitu kile kile ambacho kampuni kubwa hukitafuta: uwiano wa tamu na chachu unaomfanya mtu arudi.

Hapa lazima kusimama kidogo upande wa wanaopenda chumvi tupu, kundi linalodharauliwa sana. Kripsi za chumvi tupu hazina pa kujificha. Kiazi kikiwa na sukari nyingi, hubadilika rangi kwenye mafuta kikawa cha kahawia na chenye uchungu. Kwa sababu hiyo viwanda vya Kenya kwa muda mrefu vimependelea kiazi cha Dutch Robijn, chenye maji machache na sukari kidogo, ilhali Shangi, kinachopendwa sana sokoni na kwa chipsi, hakifai vizuri kwa kripsi. Mafuta yakiwa yamechoka, chumvi tupu inayatangaza papo hapo. Unga wa pilipili au wa jibini unaweza kufunika kasoro zote hizo. Kwa hiyo anayechagua chumvi peke yake si mtu asiye na ladha. Yeye anaonja kiazi na mafuta, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba kiwanda kimebadilisha kitu.

Bado kuna mambo mawili yanayoamua upendeleo kabla ulimi haujaguswa. La kwanza ni sauti. Mwaka 2004 Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Oxford waliwapa watu kripsi za Pringles wazitafune mbele ya kinasa sauti, wakisikia mlio wao wenyewe kupitia visikizio. Mlio ulipoongezwa, hasa ule mwembamba wa juu, waliona kripsi ni kavu na mpya zaidi. Ulipopunguzwa, waliona zimelala. Kripsi hazikubadilika. Jaribio hilo likapewa mwaka 2008 tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Hii ndiyo sababu nyingine ya ile hewa iliyo ndani ya pakiti, ambayo wateja huilalamikia wakisema wameuziwa upepo. Kwa kawaida ni naitrojeni, nayo huzuia mafuta kuharibika na kuvikinga vipande visipondeke, ili mlio ufike salama mdomoni. Kripsi za mtaani kwenye mfuko angavu wa plastiki, zinazopigwa na mwanga dirishani mwa duka, hupoteza mlio na hupata harufu ya mafuta makuukuu upesi zaidi, hata kama zilikaangwa vizuri kuliko za kiwandani.

La pili ni rangi. Uingereza, kampuni nyingi huweka chumvi na siki katika pakiti ya buluu, na jibini na kitunguu katika ya kijani. Walkers, walio wakubwa kuliko wote huko, wamefanya kinyume. Mwaka 2011 Betina Piqueras-Fiszman na Spence walichapisha jaribio la kuwapa watu kripsi ndani ya pakiti za rangi isiyo yake, na baadhi yao wakashindwa kutambua walichokuwa wakitafuna. Macho yalikuwa yameshaupa ulimi jibu.

Kwa mtoto, picha ina nguvu zaidi ya rangi. Chile ililiona hilo: sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 iliweka alama nyeusi zenye pembe nane kwenye vyakula vyenye chumvi, sukari, mafuta au nishati nyingi, na ikazuia vikatuni kwenye pakiti zake. Duma aliyechorwa kwenye pakiti za Cheetos akaondoka. Ladha ilibaki ile ile, lakini mtoto hakuwa tena na rafiki wa kumwita kutoka rafuni.

Katika miji ya Afrika Mashariki kuna kizuizi kingine ambacho wataalamu wa Oxford hawakulazimika kukiwaza. Duka la mtaani huuza pakiti ndogo za bei ya mtoto, na mara nyingi mwenye duka ana ladha mbili tu, zile ambazo muuzaji wa jumla alikuwa nazo. Mtoto anayekua akila ladha ya nyanya kila siku kwa sababu ndiyo iliyotundikwa atasema akiwa mkubwa kwamba anapenda nyanya, naye hatakuwa akidanganya. Mazoea huzaa mapenzi ya kweli. Ila ni vyema kukumbuka kwamba aliyemchagulia ni gari la usambazaji.

Wenye rafu ndefu wana mtego wa upande wa pili. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa sandwichi za aina nne walikula takriban theluthi zaidi ya waliopewa za aina moja. Ulimi huchoka na ladha moja haraka, lakini ladha mpya huufungulia mlango tena. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa wiki 4. Walipokula vyakula vilivyosindikwa sana, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipokula visivyosindikwa hivyo, ingawa mezani viliwekwa vyenye virutubisho vinavyolingana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka kila chakula alacho. Kwa muuza kachri, chumvi huonekana ikinyunyizwa. Katika pakiti, kuijua kunataka kusoma maandishi madogo ya nyuma, na katika kripsi za siki au za ndimu uchachu huuzuia ulimi usitambue ni kiasi gani kimepita.

Pamoja na yote hayo, walaji hawajakubali kabisa kunyang'anywa kipimo. Oman, kuna kripsi za pilipili zinazoitwa Chips Oman, nyekundu kwa unga, ambazo vijana huzivunja juu ya mkate mwembamba au parata iliyopakwa jibini laini, wakazungushia, wakala na chai ya karaki. Ni chakula kinachopendwa na Waomani wa kila asili, wakiwemo wale ambao wazee wao walirudi kutoka Zanzibar wakiwa bado na Kiswahili midomoni. Pakiti hapo imegeuzwa kiungo: jibini hupunguza ukali, na kila mmoja anajua avunje ngapi. Tijuana, Mexico, wachuuzi huipasua pakiti ya kripsi za mahindi ubavuni, wakamimina humo ndimu, tango, karanga na mchuzi wa pilipili, na mteja hula kutoka ndani ya pakiti ile ile. Uingereza nako kile kikaratasi cha buluu hakikufa. Kripsi za Salt & Shake, zilizorudishwa sokoni mwaka 1979, bado zina chumvi yake pembeni kwa anayetaka kujitilia.

Na Forodhani, Zanzibar, muuza urojo akishamimina supu ya njano juu ya viazi, bajia na kachori, huchukua kripsi za muhogo, akazivunja kwa kiganja juu ya bakuli. Kwa dakika moja hivi bado zina mlio, kisha zinaanza kunywa mchuzi. Kabla hajamkabidhi mteja bakuli, anashika kijiko cha pilipili, anakiinua, na kuuliza: "Nikutilie kiasi gani?"